Maji Juu ya Makawa ya Sadiya

ARUA. Saa kumi na mbili asubuhi, na ua wa Sadiya Kamisi hapa Awindiri umekwisha kuchangamka kama jiko la harusi. Sufuria tatu zinachemka kwa pamoja juu ya mafiga. Ya kwanza ina rangi ya njano, ya pili ya kijani. Ya tatu ni nyekundu, na hiyo haachiwi mtu mwingine kuigusa.

Sadiya anaikoroga kwa mwiko mrefu. Mikono yake ni myekundu hadi karibu na viwiko, kama ya mchinjaji. Anachota ukindu uliochemka, anautumbukiza katika beseni la maji baridi, anaukamua, kisha anayatazama maji. Yametoka na wekundu kidogo. Anayamwaga, anachota mengine, anakamua tena.

"Hii bado iko na mdomo," anasema bila kuinua kichwa. "Inasema-sema. Mimi nataka rangi yenye kunyamaza."

Nyuma yake wanawake sita wameketi juu ya mkeka, miguu wameinyoosha, wanasuka. Kila anayepita barabarani anawasalimu kwa neno moja tu: "Koboko!" Nao wanamjibu kwa vigelegele, mpaka kuku wa jirani wanaruka ukuta. Kesho kutwa wanasafiri kwenda Koboko, na Awindiri nzima inajua wanakwenda kufanya nini.

Sadiya, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, husuka makawa, yaani vile vifuniko vya mviringo vyenye kichwa kama paa la msonge, vya kufunikia sinia la chakula. Wanubi wa Arua na Koboko huviita tabaga. Kwao, chakula cha harusi hubebwa vichwani na wanawake kutoka nyumba ya bibi harusi hadi ya bwana harusi, sinia nyuma ya sinia, kwa nyimbo. Watu wa mtaa hutoka milangoni kutazama. Chakula hakionekani. Kinachotazamwa, kinachosifiwa na kinachosengenywa mwaka mzima ni makawa.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kusuka kawa ni kazi ndogo. Katika mji huu, kawa ni uso wa nyumba.

Na miezi mitatu iliyopita, Sadiya alikuwa amepakwa matope usoni.

Alijifunza kazi hii kwa haboba wake, yaani bibi mzaa mama, aliyekuwa mjane wa askari. Binti mwenye mkono mzito alipigwa kwa ufito. Sadiya anasema yeye alipigwa sana. "Haboba alikuwa anapiga, halafu anakupa tende," anakumbuka. "Basi mimi nilipenda kukosea."

Aliolewa na fundi wa magari ya jeshi. Mwaka 1979 vita ilipowafikia, walivuka mpaka kwa miguu hadi Sudan na watoto wawili. Mume alifia huko Yei kwa homa. Sadiya aliishi kwa kusuka mikeka ya kulalia wakimbizi, maana kambini hapakuwa na masinia ya kufunika.

Aliporudi Arua mwaka 1986, nyumba yake ilikuwa kuta tupu na mti wa mpapai umeota sebuleni. Mpapai ule aliuacha mpaka ukazaa. Kisha akanunua ukindu kwa wanawake wa vijiji vya Aroi, akachemsha rangi katika kopo la mafuta, akasuka kawa moja, akampa binti wa jirani aliyekuwa anaolewa.

"Sikuwa na duka, sikuwa na kibao," anasema. "Yule binti alibeba tabaga kwa kichwa, akapita nayo. Watu wakauliza, nani alisuka? Hiyo tu. Kesho yake watu wawili walikuja."

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sadiya aliliamini neno hilo kwa miaka saba, na kwa miaka saba lilimlisha. Mabibi harusi walivutia wengine, Walugbara na Wakakwa nao wakayapenda makawa, hata wauguzi wa hospitali wakaja kununua ya kufunikia chai. Kawa kubwa aliliuza shilingi elfu tisa, dogo elfu nne. Aliajiri wasusi sita, wanne kati yao wajane.

Jina lake lilikua likapita mipaka. Mjini Arua kawa lolote jekundu likaanza kuitwa kwa jina la mwenyewe. Mama alimwambia binti, "Lete Sadiya ufunike wali." Wageni walisifu, "Kumbe hata nyinyi mko na Sadiya!" Aliposikia hayo, msusi huyu alicheka na kuona fahari. Hakujua kwamba jina likitumiwa na kila mtu, halina tena mlinzi.

Ndipo ikaja harusi ya Koboko.

Aliyekuwa anamwoza bintiye ni Mama Keji, mke wa mwenye malori, mwanamke anayejulikana kwa ukarimu na kwa sauti. Masinia yalifika kwa wingi, wageni walikuwa wamekaa, na pilau lilikuwa la moto sana. Mvuke ulipanda ndani ya makawa na kurudi chini kama mvua. Mama Keji alipofunua sinia la mbele, lile la wazee, wali ulikuwa na michirizi myekundu.

Mzee mmoja alirudisha mkono wake nyuma. Mwingine akanong'ona kwamba hiyo ni damu, na damu katika chakula cha harusi si jambo la kucheka. Hakuna aliyekula. Inasemekana mbwa wa Koboko walishiba siku ile kuliko waalikwa.

"Hii iko Sadiya!" alipaza sauti Mama Keji mbele ya wakwe zake. "Hii Sadiya ya Arua imenivua nguo leo!"

Kawa lenyewe lilikuwa la kuazima, na aliyeliazima aliliazima kwa mwingine. Hakuna aliyeuliza zaidi. Lilikuwa jekundu, basi lilikuwa la Sadiya.

Habari ilifika Arua kabla ya masinia kurudi. Wateja waliokuwa wameagiza makawa wakatuma watoto kusema "mama amesema bado." Wengine hawakutuma mtu. Sokoni Sadiya alipopita, muuza nyama mmoja aitwaye Amandu, mtu mpana mwenye mdomo mpana zaidi, alimwita kwa nguvu.

"Sadiya! Nipe rangi yako kidogo nipake nyama yangu ya jana, ionekane ya leo!"

Watu wakaangua kicheko. Sadiya naye akacheka, kwa sababu mfanyabiashara asiyecheka sokoni amekwisha. Lakini alipofika nyumbani alimwagia maji kila kawa lililokuwamo ndani, moja baada ya jingine. Maji yakatoka safi.

Hilo halikumtuliza. "Hizi za ndani nilizijua," anaeleza. "Lakini zile nilizouza zamani? Labda siku moja nilikuwa na haraka. Labda nilichoka, sikukamua vizuri. Hata mimi nilianza kujiogopa."

Na muda ulikuwa mfupi. Harusi nyingi za Wanubi hufungwa baada ya Idi, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umekaribia. Msimu ule ukipita na jina likiwa bado chafu, wasusi wangetawanyika kutafuta vibarua vya tumbaku, na Sadiya angerudi kusuka mikeka ya kulalia. Katika wiki sita aliuza kawa moja tu, tena kwa mgeni ambaye hakuwa amesikia.

Aliyefungua njia ni Pasca, msusi wake wa miaka mingi, Mlugbara wa Aroi, mwanamke mfupi asiyejua kuzungumza polepole.

"Mama Sadiya, sisi tukisema rangi yetu iko nzuri, nani atasikia?" Pasca alimwambia. "Hata mutu ya pombe anasema pombe yake iko tamu. Mutu ya kusema ni ile iko na tabaga kwa nyumba yake. Ita wao. Wao waje, wao waseme, wao wamwage maji."

Sadiya aliona ni neno la haki. Akachagua wateja kumi, wanawake wenye heshima zao, ambao makawa yake yamekaa kwao miaka. Akaenda mwenyewe mlango kwa mlango, akanywa chai katika kila nyumba, na kila nyumba akasema maneno yale yale: "Jumamosi njoo na kawa lako pale penye pampu ya maji. Unisaidie."

Wote walikubali kwa moyo. Wengine walilia naye.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo mtu wa mbali hawezi kulielewa upesi. Sadiya alitaka waje na makawa ya zamani, yaliyooshwa na kutumika, kwa sababu hayo ndiyo ushahidi. Lakini hakusema "la zamani." Angesemaje? Huwezi kuingia nyumba ya mtu, ukanywa chai yake, kisha ukamwambia atoke na kitu chake kikuukuu mbele za watu. Hilo ni tusi.

Na wale wanawake, kwa heshima zao, walisikia jambo jingine kabisa. Walisikia kwamba Sadiya amewaalika kwenye shughuli.

Jumamosi ilipofika, uwanja wa pampu ulijaa mapema. Habari za maji zilikuwa zimeenea. Vijana wa sokoni walikuja, wauza mitumba walikuja, Amandu alikuja na koti lake jeupe la kuchinjia na kisu bado kiko kiunoni. Pasca alikuwa amejaza majerikeni na kuyapanga kama askari.

Kisha wakatokea. Walikuja kwa mstari, wamevaa leso mpya na gomesi, yale magauni marefu, ya kung'aa, wamejipaka mafuta, wanaimba. Na vichwani mwao, makawa yalikuwa yanawaka kama moto: mapya, mekundu, hayajaona hata mvuke wa chai.

"Nilipoona, nilianza kutafuta hata moja ya zamani," anasema Sadiya.

Hakuna hata mmoja aliyekuja na kawa lake. Nani angepita barabarani, mchana kweupe, na kawa lililoliwa na moshi? Kila mmoja alikuwa ameacha lake jikoni na kuazima zuri kuliko yote katika mtaa. Baadhi yalikuwa kazi ya Sadiya, ya hivi karibuni. Lakini matatu hayakuwa yake. Msusi huijua kazi ya mkono wake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Lile la mbele kabisa, lililobebwa na Driciru, muuza mitumba aliyevaa gomesi jeupe, hakuwahi kuliona.

Alimsogelea na kumnong'oneza. "Dada, hii ulitoa wapi?"

"Iko yako, dada!" alijibu Driciru kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, huku akimkonyeza kama mtu anayemfanyia mwenzake hisani. "Iko yako kabisa! Nyinyi watu, hii iko Sadiya!"

Umati ukashangilia. Hapo msusi akabaki amesimama na jerikeni mkononi.

Akisema "hili si langu," anamwaibisha mbele ya mji mzima mwanamke aliyetoka kwake, akajipamba, akaja kumsaidia. Akinyamaza, jina lake linazikwa leo leo, kwa mkono wake mwenyewe. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Lakini hapa mwanaharamu alikuwa amekuja na jamaa zake wote, na wote walikuwa wanataka kuona kilicho chini ya kombe.

"Mwaga!" alipiga kelele Amandu. "Mwaga tuone damu!"

"Mwaga! Mwaga!" wakapokea vijana.

Pasca alifungua mdomo kusema. Sadiya alimshika mkono akaubana mpaka Pasca akauma meno. Kisha akainua jerikeni akamwaga.

Wekundu ulishuka kama amechinjwa mbuzi. Ulitiririka juu ya mikono ya Driciru, ukaingia kifuani, ukachora njia katika gomesi jeupe mpaka miguuni. Kisha uwanja ukalipuka. Vijana waliruka, wengine walishika vichwa, na Amandu alicheka mpaka akaketi chini.

Driciru alisimama kama nguzo, rangi inamdondoka viganjani. Sadiya alichukua leso yake mwenyewe, akaanza kumpangusa.

"Watu wote waliniambia baadaye, kwa nini hukusema?" anaeleza. "Ningesema nini? Yeye alikuwa mgeni yangu."

Wakati huo huo, nyuma ya umati, mtu alikuwa anawachapa watu magoti kwa fimbo ili apite. Alikuwa Fatumah, mama mzee wa watu wa Koboko aliyehamia Awindiri kwa mwanawe, naye ni mteja wa kumi. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya mbuzi aliyekata kamba. Kichwani alikuwa na kitu cheusi, kimebonyea upande, kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

Vijana walimpokea kwa shangwe nyingine.

"Bibi, hiyo umetoa kwa jalala?"

"Nyamaza, mutoto ya jana," alisema Fatumah. "Mimi nimeambiwa nilete tabaga. Mimi iko na moja tu. Nyinyi mko na ngapi?"

Akaketi juu ya jiwe la pampu, akaliweka lile kawa magotini. Alilinunua kwa Sadiya mwaka 1977, haboba wa msusi huyu akiwa bado hai. Na kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama, na Fatumah hajawahi kutazamwa bila kuzungumza, alizungumza.

"Hii ilivuka mto Kaya kwa kichwa yangu. Mvua yote ya Yei ilianguka juu yake, mimi iko chini. Kambini nilipepetea mtama ndani yake. Mjukuu yangu alilala ndani yake, akakojoa ndani yake, yule pale, sasa iko na ndevu!" Umati ukageuka kumtafuta mwenye ndevu, naye akajificha nyuma ya mwenzake. "Nikarudi nayo. Kila siku iko juu ya jiko. Sasa nyinyi mnataka kuiogopesha na jerikeni moja?"

Hakumngoja mtu. Alimnyang'anya Pasca jerikeni, akalikumbatia, akamimina.

Maji yalitoka meusi.

"Aaa!" wakapiga kelele vijana. Amandu alisimama. "Hata hiyo inatoa!"

"Hiyo moshi ya jiko yangu, si rangi. Ngoja, mwenye kisu," alisema bibi, akamimina tena, huku akisugua kwa kiganja.

Maji yalitoka ya kahawia. Yakatoka kama chai ya rangi. Kisha yakatoka meupe, safi, yanang'aa juani. Na pale mkono wa bibi ulipopita, chini ya masizi ya miaka kumi na sita, kitu kikaanza kuonekana. Kwanza ulikuwa mstari, halafu duara, halafu duara juu ya duara. Wekundu ulikuwa unapanda kutoka ndani ya kile kitu cheusi, mzito na mkali, kana kwamba umetiwa jana.

Sadiya alipiga magoti. Anasema alikuwa hatazami kawa. Alikuwa anatazama maji, yale yaliyokuwa yanapita chini kwenda mferejini. Hayakuwa na hata tone la rangi.

Hakuna aliyecheka tena. Amandu alikuja mbele, akainama, akashika pindo la koti lake jeupe na kulisugulia kawa kwa nguvu zake zote za kuchinja ng'ombe. Akaliinua pindo juu ili watu wote walione. Lilikuwa na uchafu wa nyama, lakini wa rangi hapana.

"Mimi nimeshindwa," alitangaza. "Hii imenyamaza!"

Kilichofuata, mwenye macho yake alikiona na mwenye masikio yake alikisikia mpaka barabara ya Koboko. Driciru, ambaye bado alikuwa amesimama amelowa, ndiye aliyepasua kigelegele cha kwanza. Kisha akalitupa chini lile kawa la kuazima na kupanda juu ya jiwe la pampu.

"Sikieni nyinyi yote!" alisema. "Hii si ya Sadiya! Mimi nimesema uongo. Ni ya jirani yangu, na jirani alinunua kwa mchuuzi wa baiskeli, yule wa elfu mbili. Na akatuambia sisi iko Sadiya, kwa sababu nani anataka kusema amenunua ya elfu mbili? Sadiya alijua! Alijua, akanifuta na leso yake! Ya kweli iko kwa jiko yangu. Imezeeka, nikaona haya."

Mwanamke wa pili akasema, "Hata mimi." Wa tatu hakusema, alikuwa amekwisha kukimbia.

Wakakimbia wote. Wanawake wazima, wenye wajukuu, wamekunja gomesi mpaka magotini, wanapigana vikumbo kila mmoja kwenda kwake. Watoto wakawafuata wakipiga kelele. Baada ya muda mfupi walirudi wanahema, na mikononi mwao yalikuwa makawa ambayo hakuna mwenye akili angeyatoa nje: yaliyochomwa na makaa, yaliyotafunwa na panya, yaliyoshonewa kipande cha gunia. Moja lilikuwa na kuku ndani na kuku hakutaka kutoka.

Majerikeni yote yaliisha. Kila kawa lilimwagiwa, kila kawa likatoa moshi, masizi, mafuta ya miaka, na mwishowe maji safi. Kila mara umati ulishangilia kama timu ya mji imefunga bao. Na kila mwenye kawa alisema kwa kinywa chake lilivyomtumikia, harusi ya nani, msiba wa nani, mwaka gani. Hakuna aliyewafundisha maneno.

Siku ile ile, kabla jua halijatua, Sadiya alipata maagizo ya makawa kumi na manne. Amandu aliagiza mawili, moja la mke mkubwa na moja la mke mdogo, yenye ukubwa sawasawa kabisa. "Nipime na kamba," alisisitiza. "Yakipitana hata kidole, mimi silali."

Tangu hapo msusi huyu amebadili namna ya kuuza. Mgeni akija kununua, haonyeshwi mapya kwanza. Anaambiwa, "Nenda kwa Driciru akuonyeshe ya zamani," au anapelekwa kwa mwalimu wa kike nyuma ya msikiti, au kwa bibi Fatumah, ambaye hupokea wageni kwa sharti kwamba wamsikilize mpaka mwisho. Atakayerudi baada ya hapo ndiye huuziwa.

Aibu ya kawa kuukuu imekwisha Awindiri. Imekwisha mno, anasema Pasca. Juzi walimkuta Eyotaru, bibi harusi wa mwezi uliopita, amening'iniza kawa lake jipya juu ya moshi wa jiko.

"Nikamwuliza, unafanya nini?" Pasca anasimulia huku akipangusa machozi ya kicheko. "Akasema, nataka izeeke haraka, na mimi niitwe kwa pampu!"

Yule mchuuzi wa baiskeli hajaonekana tena mtaani. Sadiya hamtafuti. Anasema kama angerudi, angemfundisha kukamua rangi, maana kazi ya kusuka haikuwa mbaya. Ila mtu alikuwa na haraka.

Lakini Arua si Koboko. Kule wali ulikoharibikia bado wanasimulia ya damu, na harusi baada ya Idi ni nyingi kule kuliko hapa. Vilevile, Sadiya ana ndoto ya kuwafundisha kusuka mabinti wa Lobule, vijijini karibu na Koboko, ambako ukindu ni mwingi na kazi ni jembe tu. Hakuna mzazi wa huko atakayempa binti yake mwanamke aliyetia damu katika chakula cha harusi.

Ndiyo maana ya safari ya kesho kutwa. Wanawake kumi na moja watapanda lori na makawa yao makuukuu vichwani, na bibi Fatumah atakaa mbele kwa dereva, kwa kuwa amesema kawa lake haliendi mahali bila yeye.

Hawaendi sokoni kumwaga maji. Wanakwenda nyumbani kwa Mama Keji.

Sadiya alimtumia salamu kwa dereva wa lori: anaomba kuja kwake, apike wali wa moto, aufunike kwa kawa jekundu kuliko yote aliyowahi kusuka, waketi wazungumze mpaka wali upoe, kisha Mama Keji afunue kwa mkono wake mbele ya wakwe wale wale. Jibu lilirudi jana jioni, na dereva alilitoa kama alivyopewa, pamoja na sauti ya mama huyo.

"Mama Keji anasema, aje. Lakini wali napika mimi."

Wasusi walimtazama mkubwa wao. Sadiya alikuwa anakamua ukindu juu ya beseni. Aliyainua maji kwa kiganja, akayaangalia juani, akayaacha yadondoke.

"Apike," alisema. "Na atie kuni zote za Koboko."